Je, wajua kwa nini maktaba ya parokia hukupa kitabu kimoja tu wakati wa Kwaresima?

Katika parokia moja ya Moshi, maktaba ni chumba kimoja nyuma ya ofisi: rafu mbili, meza, na daftari la mistari. Siku za kawaida unaazima vitabu viwili, hata vitatu. Ikifika Jumatano ya Majivu, mama mtunza maktaba anatoa kimoja kwa kila mtu, na kijitabu cha Njia ya Msalaba juu yake, basi. Mwaka niliojaribu kuondoka na viwili aliniangalia juu ya miwani. "Kimoja, mwanangu. Ukimaliza chote ndipo uje."

Sababu niliijua, au nilidhani naijua: vitabu vichache, watu wengi. Kwaresima kila mtu anakumbuka kuwa parokia ina maktaba, kwa hiyo lazima kuwe na mgawo, kama sukari ya zamani. Nikaieleza hata jumuiyani, kwa sauti ya mtu aliyefanya utafiti, na hakuna aliyebisha.

Tatizo ni kwamba rafu hazikuwahi kubaki tupu. Nilipoliona hilo sikukiri kosa, nilihamia kosa jingine: basi huu ni mfungo. Mwenzangu ameacha mbege, jirani ameacha nyama, na sisi wasomaji tunapunguziwa vitabu. Maelezo haya yalinipendeza zaidi ya yale ya kwanza, na nilikaa nayo miaka kadhaa. Nayo yalikuwa yamesimama kichwa chini, miguu juu.

Desturi hii ina umri wa karibu miaka 1,500. Iko katika Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6 kwa ajili ya wamonaki, yaani watawa wanaoishi pamoja katika monasteri, yenye sura 73. Sura ya 48 inaagiza kwamba siku za Kwaresima kila mmoja apewe kitabu kimoja kutoka maktaba, akisome kwa mfuatano tangu mwanzo hadi mwisho, na kwamba vitabu hivyo vigawiwe Kwaresima inapoanza.

Sasa angalia agizo hilo limewekwa wapi. Sura inayohusu Kwaresima ni ya 49. Sura ya 48 inahusu kazi za mikono: nani ashike jembe, saa ngapi, mpaka lini. Kitabu cha Kwaresima kimeorodheshwa pamoja na kazi. Na sura ya 49 yenyewe, kabla ya kutaja kupunguza chakula, usingizi na utani, inamtaka mmonaki aongeze kitu juu ya wajibu wake wa kila siku. Kwa hiyo kile kitabu kimoja si mabaki baada ya vingine kuondolewa. Ni mzigo ulioongezwa, na mimi nilikuwa nimeuhesabu kama punguzo.

Hata saa zimetajwa. Wasome tangu asubuhi hadi saa tatu itimie, kisha wafanye kazi hadi saa kumi. Mzungu akisoma hapo inambidi apige hesabu. Sisi tunasoma kama ratiba ya shule, kwa sababu Warumi nao walihesabu saa kuanzia macheo. (Saa zao zilirefuka na kufupika kwa majira, zetu huku karibu na Ikweta hazisumbuki.) Wazee mmoja au wawili walipita kukagua kama kuna anayepiga soga badala ya kusoma.

Lakini kwa nini kimoja, na kwa nini mfululizo? Hapa tuingie bandani. Wamonaki waliufananisha usomaji wao na kucheua, na mtu wa Moshi hahitaji kuelezwa kucheua ni nini. Ng'ombe wa banda ukimtupia majani ya mgomba anayameza harakaharaka, hayatafuni sawasawa. Kazi yenyewe huanza baadaye, amelala, macho nusu wazi: tonge linarudi kinywani, linasagwa polepole, linamezwa upya. Ukimrundikia majani zaidi wakati huo humwongezei maziwa. Ndivyo walivyosoma: mstari mmoja kwa sauti ya chini, tena na tena, kisha unaenda nao shambani na kuucheua huku unalima. Kwamba walisoma kwa sauti tunaona katika sura hiyohiyo, inayomtaka anayesoma wakati wa mapumziko ya mchana asiwasumbue wenzake. Kitabu cha pili kingekuwa majani mapya juu ya yaliyo tumboni.

Tahadhari moja. Neno la Kilatini linalotafsiriwa "maktaba" liliweza pia, enzi hizo, kumaanisha Biblia yenyewe, ambayo mara nyingi iligawanywa katika majuzuu. Cassiodorus, msomi wa Kirumi wa karne hiyohiyo ya 6, alikuwa nayo katika majuzuu tisa. Wapo wataalamu wanaoona kwamba kila mmonaki alipewa juzuu la Biblia, si kitabu chochote rafuni. Sijaona hoja ya kufunga mjadala huo.

Kilicho wazi zaidi ni cha karne ya 11, Uingereza. Katika kanuni za Lanfranc, askofu mkuu wa Canterbury, vitabu vilitandazwa juu ya zulia mwanzoni mwa Kwaresima, majina yakasomwa, na kila mmoja akarudisha alichopewa mwaka uliopita. Mwaka mzima! Asiyekimaliza alilala kifudifudi akaomba msamaha.

Mstari mnyoofu kutoka kwenye zulia lile hadi Moshi haupo. Waliofungua misioni ya Kilema, karibu na Moshi, mwaka 1890 walikuwa Mapadre wa Roho Mtakatifu. Wabenedikto, watawa wanaoifuata Kanuni ile, walijikita kusini, Peramiho na Ndanda. Nilipomuuliza mama wa maktaba alisema aliyemwachia funguo ndivyo alivyomwelekeza, na hakumuuliza zaidi.

Changu nilikirudisha Jumatatu ya Pasaka, alama ikiwa ukurasa wa 61. Mama akafungua pale penye alama, akatazama zimebaki kurasa ngapi, akaandika tarehe mpya daftarini na kunirudishia kilekile.