Hiyo 45 Yenu Mmeitoa Wapi?

Jumapili nimetoka ibada ya kwanza, sijafika hata getini, baba mmoja ananivuta pembeni, anajua mimi ni matroni, mkuu wa wauguzi hospitalini. Mke wake anasoma stashahada ya uuguzi, yuko mwaka wa pili, ana miaka 44. "Matroni, wewe anakusikiliza. Mwambie aache. Akija kumaliza ana 46, na nesi aliyevuka 45 haajiriwi popote. Ada yote hiyo inapotea."

Popote! Huyo ni wa nne tangu Pasaka. Mmoja alinibana kwenye daladala ya Kibosho, nina mfuko wa ndizi mapajani, siwezi hata kushuka. Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

45 ipo, sikatai. Fungua tangazo la Sekretarieti ya Ajira, ile inayotangaza kazi za serikali, kwenye masharti ya jumla utaikuta: raia wa Tanzania, umri usiozidi miaka 45. Watu husoma wakiishia hapo, simu inafungwa, habari inasambaa kwenye magrupu. Sharti lenyewe halijaishia hapo. Linaendelea kusema isipokuwa walioko kazini serikalini. Maneno machache tu, na ndiyo yanayonipandisha presha, maana wanaoniuliza nusu yao yanawahusu wao. Mama aliyekaa miaka 18 kituo cha afya cha serikali kama mhudumu, akaenda kusoma kwa ruhusa ya mwajiri, haombi ajira ya kwanza. Anaomba kubadilishiwa kada, yaani aina ya kazi, kutoka mhudumu kuwa nesi. Hata akiwa na 49. Ila kama alikwenda kusoma kimyakimya, anabadilishana zamu na wenzake bila barua ya ruhusa ya masomo, huyo ana kesi. Kesi yake ni ya barua, umri hauhusiki.

Na sharti hilo ni la serikali. Mlima huu wa Kilimanjaro umezungukwa na hospitali za kanisa: Machame, Marangu, Kibosho, Kilema. Ukienda Arusha kuna Selian, kuna St. Elizabeth, halafu zahanati na polikliniki za watu binafsi kila kona. Humo kuna watumishi waliopelekwa na serikali, hao wana kanuni zao. Lakini anayeajiriwa na hospitali yenyewe anapimwa na hospitali yenyewe. Miaka yote niliyokaa kwenye meza ya usaili sijawahi kushika fomu yenye kikomo cha umri. Tunachoomba kwanza ni leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, iwe hai. Imekufa? Kaihuishe kwanza ndipo uje tuongee.

Mimi nadhani hiyo 45 ni hesabu ya pensheni tu. Kustaafu kwa lazima ni 60, na ili ulipwe pensheni ya kila mwezi unatakiwa uwe umechangia miezi 180, yaani miaka 15. Toa 15 kwenye 60. Hakuna aliyekaa akasema mama wa miaka 46 hawezi kuchoma sindano. Lakini hesabu hiyohiyo inakufuata huku kwetu, hospitali zisizo za serikali. Ukianza na 47 na hukuwahi kuchangia mahali popote, ukifika 60 una miaka 13. Hili wanaowatia moyo wenzao huwa hawalisemi. Kama uliwahi kuchangia zamani, ukiwa karani au mwalimu wa shule ya binafsi, katafute kumbukumbu zako mapema.

Sasa uzoefu. Tangazo linasema "uzoefu wa miaka 2", mtu anafunga bahasha yake analia. Nitawaambia tunachofanya kwenye usaili wetu, na najua sio kila mahali wanafanya hivi. Natundika dripu. Lita moja, iishe kwa saa 8, seti ya mrija inayotoa matone 20 kwa mililita. Weka.

Mwaka juzi walikuja wawili siku moja. Kijana wa miaka 27 ana barua tatu za uzoefu, karatasi nzuri zenye mihuri. Akafungua roli, kile kigurudumu cha kubana mrija, akatazama, akasema, "Inakwenda vizuri, matroni." Vizuri ndiyo matone mangapi? Akatabasamu. Mwingine mama wa miaka 46, cheti kina miezi minne, kabla ya chuo alikuwa anauza vitenge soko la Mbuyuni. Mikono inamtetemeka. Akageuza bahasha yake, akaandika nyuma: matone 20,000 gawa kwa dakika 480. Akapata 41 na pointi, akasema 42. Akainua saa yake ya mkononi karibu na chemba matone yanapodondokea, akahesabu robo dakika, yakawa 14, mengi mno. Akabana roli kidogo. Akahesabu tena: 11. Akabana tena, nywele tu. Mtu aliyepima vitenge miaka 20 hakisii.

Msinielewe vibaya, sisemi wazee ndio bora. Ninayemwogopa ni mwenye cheti cha zamani na mikono iliyolala. Amemaliza chuo 1998, kaolewa, kafungua duka, watoto wamekua, sasa anataka kurudi wodini. Kwenye karatasi huyu ni "nesi wa miaka mingi". Lakini alifundishwa kuwa moyo ukisimama unabonyeza kifua mara 15 kwa pumzi 2. Tangu 2005 ni 30 kwa 2. Mkunga aliyebaki na mwongozo uliotangulia anahesabu uchungu uliochanganya kuanzia sentimita 4 za mlango wa kizazi, wakati mwongozo wa uchungu wa WHO, Shirika la Afya Duniani, wa 2020 unaanzia 5. Sentimita moja! Ndiyo, na kwa sentimita hiyo moja mama anaweza kuonekana amechelewa kumbe hajaanza, akaongezewa uchungu bure, akaishia theatre kupasuliwa. Kwa hiyo usiniulize una miaka mingapi. Niambie mara ya mwisho kumgusa mgonjwa ilikuwa lini.

Kuna wanaoandika "sina uzoefu" wakati wanao. Mama mmoja wa Marangu alimuuguza mkwewe miaka 6, kiharusi, upande mmoja umekufa. Nikamuuliza vidonda vya kulalia alipata vingapi. Akanitazama kama nimemtukana. "Hata kimoja. Nilikuwa namgeuza kila saa mbili, usiku naweka kengele." Mna habari kwenye wodi zenye wauguzi sita vidonda hivyo vinatushinda? Sasa ukweli: ofisi ya utumishi hawatauhesabu huo kuwa uzoefu hata wa siku moja. Mimi ninauhesabu. Uandike kwenye maombi, uende umejiandaa kuuelezea.

Kitu ambacho hakuna chuo kinafundisha ni shikamoo. Kiongozi wa zamu ana miaka 28, aliye chini yake ana 47. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Halafu huyo mwanangu anatakiwa kusema, "Mama, kitanda cha 6 BP haijaandikwa tangu asubuhi." Wengi hawasemi. Wanaenda kupima wenyewe kwa adabu, na mgonjwa anakuwa ameachwa katikati ya heshima zao. Nimejaribu kulazimisha wote waitane "sista". Ilidumu wiki moja. Kina mama, mkitaka kazi hii, siku ya kwanza mwambieni huyo mtoto: wodini nikosoe, shikamoo utanipa getini. Na akikosoa usinune.

Zamu za usiku? Magoti yanauma, dawa yake viatu vizuri. Saa kumi alfajiri nimekuta vijana wamelalia troli ya dawa.

Kuhusu kujitolea sina amani. Ndiyo njia ya haraka ya kupata mikono na mtu wa kukudhamini, na huwa naishauri. Lakini hospitali moja niliyofanyia kazi zamani niliwahi kumweka mama wa watoto watatu miezi minane kwa nauli tu, kila mwezi nikimwambia vuta subira, nafasi inakuja. Ilipokuja akapewa mwingine. Nilikuwa kwenye hicho kikao na sikufungua mdomo. Siku hizi nasema miezi mitatu, kwa barua yenye tarehe ya mwisho, basi. Hata hiyo mitatu sijui kama ni haki kwa mtu mwenye ada za watoto.

Yule baba wa kanisani nilimuuliza: tatizo ni umri, au hutaki mama alale zamu? Akacheka, akaanza kutafuta funguo za gari.

Mwambie mkeo likizo ya chuo aje wodini kwangu, Jumanne. Ripoti ya zamu inaanza saa moja na nusu asubuhi, sio saa mbili. Na aje na saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Ya kwenye simu siipokei.