"Kulinda retina" ni kulinda nini?

Siku hizi maneno haya yamezagaa. Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya kisukari, ukisimama mbele ya muuza dawa pale Darajani, Zanzibar, ukisikiliza sauti za WhatsApp za ukoo, hukosi kuyasikia: baba fulani analinda retina, bibi fulani kapewa dawa ya kulinda retina. Ukiuliza anailinda kwa kitu gani, utaambiwa anatia matone, au kanunua miwani ya kuzuia mwanga, au anakunywa maji ya majani yaliyochemshwa. Na msemaji anakwambia kwa raha kabisa, anaamini kazi imekwisha. Raha hiyo ndiyo inayonitia hofu.

Maana yenyewe ni fupi. Retina ni utando mwembamba, haufiki nusu milimita, uliotanda ndani ya jicho upande wa nyuma. Zimo humo seli zinazopokea mwanga, zimo za neva zinazopeleka habari ubongoni, na imo mishipa midogo ya damu inayozilisha zote. Kulinda seli za retina dhidi ya kisukari ni kuizuia sukari iliyozidi ndani ya damu isiharibu mishipa hiyo na seli hizo, au kupunguza kasi ya uharibifu ulioanza. Basi.

Tatizo ni kwamba watu wakisikia "jicho" wanafikiria kile wanachokiona kwenye kioo. Matone ya kawaida ya duka la dawa hulainisha uso wa jicho, huondoa ukavu na muwasho, na yanafaa kwa hilo. Miwani hurekebisha namna mwanga unavyofika nyuma, au hupunguza mng'ao wa jua. Hakuna kati ya hivyo kinachogusa sukari iliyomo kwenye damu inayopita ndani ya retina mchana na usiku.

Na uharibifu unaanzia huko huko kwenye mishipa. Ile midogo kabisa imekumbatiwa na seli ziitwazo perisaiti, zinazoushikilia ukuta wa mshipa kama fito zinavyoshikilia udongo wa nyumba ya shamba. Kisukari cha muda mrefu huziua hizi mapema. Ukuta uliokosa cha kuushikilia hutuna, ukafanya vivimbe vidogo ambavyo daktari huviona kama nukta nyekundu. Baadaye mishipa huvuja maji, mafuta na damu, na mingine huziba. Sehemu ya retina iliyokosa oksijeni hutoa protini iitwayo VEGF, inayochochea mishipa mipya iote. Hiyo mipya ni dhaifu: hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho, au hufanya makovu yakaivuta retina mpaka ikabanduka.

Sasa hapa ndipo ninapoomba msomaji anisikilize vizuri. Karibu hatua zote hizo zinaweza kupita na mtu bado anasoma msahafu bila taabu. Kusoma kunategemea sehemu ndogo ya katikati ya retina, makula. Ikiwa makula haijavimba, mishipa ya pembeni inaweza kuvuja na kuziba na mwenyewe asihisi maumivu wala kiwaa. Kwa hiyo "naona vizuri" na "retina yangu iko salama" ni habari mbili mbalimbali, na mgonjwa wa kisukari hana njia ya kuijua ya pili kwa kutumia ya kwanza.

Hapo tena ndipo neno "nimepimwa macho" linapotupoteza. Kusomeshwa herufi ukutani, jicho hili limefunikwa, halafu lile, ni kupimwa uwezo wa kuona. Kuangaliwa retina ni jambo jingine. Unatiwa matone ya kutanua mboni, unasubiri kama nusu saa mpaka mboni iwe pana, kisha daktari anamulika taa na kuchungulia nyuma, au unapigwa picha ya retina. Mpiga picha huweza kuipata hata bila matone mboni ikiwa pana vya kutosha, ila wengi hutiwa. Ukitoka nje jua la saa sita linakuchoma, unajifunika mtandio usoni, simu husomi, na hali hiyo hubaki kwa saa kadhaa. Najua hiyo ndiyo inayowakimbiza wengi, khasa anayetoka Makunduchi au Micheweni na anataka kurudi kwake siku hiyo hiyo. Lakini kama hukupita hapo wala hukupigwa picha, retina yako haijaangaliwa, hata kama umetoka na miwani mipya.

Kosa la pili linatokana na mtoto wa jicho. Huo ni ukungu wa lenzi: lenzi ikitolewa na kuwekwa ya bandia, mzee aliyekuwa akishikwa mkono anaanza kutambua wajukuu kwa sura. Sote tumeona hivyo, basi tumezoea kwamba macho yakiharibika hospitali huyarudisha. Seli za retina ya binadamu zikishakufa hazioti upya, wala hakuna za kubadilishia. Ndiyo maana hata leza, tiba ya mwanga mkali, husingiziwa. Utasikia: "Kapigwa leza na hakuona zaidi, leza imemmaliza." Leza ya retina haikusudiwi kumwongezea mtu nuru. Huchoma sehemu za pembeni ili zipunguze kuchochea mishipa ile dhaifu, na hivyo kuiokoa ya katikati. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 1976 ulionyesha kwamba leza hupunguza upotevu mkubwa wa kuona kwa nusu au zaidi kwa wagonjwa waliofikia hatua hiyo ya hatari. Gharama yake ipo: mtu anaweza kupungukiwa na kuona kwa pembeni na gizani. Huo ni ulinzi wa kweli, ila ni wa kilichobaki. Sindano za jicho zinazoizuia VEGF huweza kurudisha kiasi cha kuona pale makula ilipovimba kwa maji. Hazifufui seli zilizokufa.

Nisiwadhulumu wanaoyapenda matone, kwa sababu wazo la kuzilinda seli za neva za retina kwa matone lipo katika sayansi. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2019 uliwapa watu 449 wenye kisukari cha aina ya pili matone ya brimonidini, ya somatostatini au yasiyo na dawa, kwa takriban miaka miwili. Hayakuzuia tatizo lisianze. Dalili ya manufaa ilionekana kwa wale tu ambao seli zao zilikuwa tayari zimeanza kudhoofika. Ni wazo linalofuatiliwa, na hayo siyo matone unayouziwa ukisema macho yanakuwasha.

Kilichothibitika kinapita kwenye damu. Mwaka 1993 utafiti wa Marekani na Kanada kwa watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza ulionyesha kwamba kuidhibiti sukari kwa makini kulipunguza kuanza kwa ugonjwa huu wa retina kwa asilimia 76. Mwaka 1998 utafiti wa Uingereza kwa aina ya pili ulionyesha kwamba kuishusha presha vizuri kulipunguza kuzidi kwa ugonjwa kwa asilimia 34. Presha! Watu hawaihesabu kabisa wakizungumzia macho. Na sukari inayohesabika ni ile ya wastani wa miezi mitatu, inayopimwa kwenye damu, maana kipimo cha asubuhi moja hakikwambii kilichotokea baada ya futari yenye tende na kaimati. Tahadhari moja: aliyekaa na sukari ya juu kwa miaka, akiishusha kwa haraka sana, ugonjwa wa retina unaweza kuzidi kwa muda kabla ya kutulia. Kwa hiyo retina iangaliwe kabla, na dawa asiache. Mwenye kisukari akishika mimba naye aangaliwe mapema.

Basi ndugu yako akikwambia analinda retina kwa matone, usimkebehi. Mwambie matone aendelee nayo kama jicho ni kavu, kisha muulize sukari yake ya miezi mitatu ilikuwa ngapi, presha je, na lini daktari alitanua mboni akaangalia nyuma. Mwenye aina ya pili huangaliwa tangu siku anayoambiwa ana kisukari, halafu kila mwaka au kama daktari atakavyopanga. Akisema hajawahi, mpangie siku ya kliniki na ufuatane naye, kwa sababu kurudi hataona vizuri njiani.