Interferoni ni nini hasa, na inahusiana vipi na virusi halafu na kansa

Watu wengi neno interferoni wamelisikia kama jina la sindano, ile waliyokuwa wanachomwa wagonjwa wa homa ya ini C miaka ya nyuma au wenye kansa fulani, kwa hiyo ukiwaambia mwili wao unaitengeneza wenyewe kila wakishikwa na mafua wanashangaa. Tuanzie hapo basi. Interferoni ni protini ndogo ambayo seli inaitoa nje ikishagundua kuna kirusi ndani yake, na kazi yake ni kuzipa habari seli nyingine. Haiui kirusi. Hata kukigusa haikigusi. Hapa ndipo wengi wanapochanganya, wanadhani ni kama kingamwili inayoenda kumnasa adui mwenyewe, hapana, seli iliyovamiwa inapiga yowe na majirani wanafunga milango kabla mwizi hajawafikia.

Jambo hili lilijulikana mwaka 1957 huko London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann walichukua virusi vya mafua vilivyouawa kwa joto wakaviweka kwenye vipande vya utando wa yai la kuku, baadaye wakachukua yale majimaji na kuyaweka kwenye utando mpya, halafu wakaleta virusi hai. Virusi hai vikashindwa kuzaliana. Kwenye majimaji kulikuwa na kitu, na hicho kitu kilikuwa kimetoka kwenye seli zenyewe. Wajapani wawili, Nagano na Kojima, walikuwa wameshaandika kuhusu kitu kama hicho mwaka 1954 ila hawatajwi sana, na mimi naona hawakutendewa haki.

Sasa seli inajuaje kama imevamiwa? Ndani yake kuna protini ambazo kazi yake ni kukagua tu. RIG-I na MDA5 zinakagua RNA, molekuli inayobeba maelekezo kama ifanyavyo DNA, maana RNA ya virusi mara nyingi ina umbo au ncha ambayo ya kwetu haina. Nyingine inaitwa cGAS, hii inaangalia DNA iliyo mahali pasipo pake, kwa sababu DNA yetu inatakiwa ikae kwenye kiini cha seli, ikionekana inazagaa nje ya kiini ujue kuna tatizo. Hii cGAS ikumbuke, tutaikuta tena kwenye kansa. Mojawapo ikinasa kitu, habari inapitishwa hadi kwenye kiini, jeni za interferoni zinawashwa na seli inaanza kuimwaga nje.

Ziko za aina tatu. Aina ya kwanza ni alfa na beta, hizi karibu kila seli ya mwili inaweza kuzipokea, na alfa peke yake binadamu tunayo jeni 13. Aina ya pili ni gama, hii haitolewi na kila seli, inatoka hasa kwa seli T (seli za kinga zinazofundishwa kumtambua adui fulani) na zile seli za kinga zinazoua bila kusubiri mafunzo, NK. Aina ya tatu ni lambda, iligunduliwa juzi tu, 2003, na inafanya kazi zaidi kwenye utando wa njia ya hewa na utumbo, yaani pale pale virusi vinapoingilia, bila kuusumbua mwili mzima.

Seli ikipata ule ujumbe inafanyaje? Kuna kipokezi juu ya ngozi yake, interferoni ikikaa pale inaamsha protini za JAK zilizo upande wa ndani, nazo zinaamsha STAT, STAT zinaingia kwenye kiini na kuwasha mamia ya jeni kwa mpigo. Baadhi ya zinazotoka ni hatari kweli kweli. PKR inasimamisha utengenezaji wa protini, na kirusi bila protini za seli hakina ujanja kwa sababu chenyewe hakina kiwanda. RNase L inakatakata RNA, ya kirusi na ya seli pia. IFITM3 inazuia virusi kama vya mafua visipenye kuingia ndani, Mx inavikamata vilivyopenya. Na seli inaanza kuonyesha juu yake vipande vya protini za ndani kwa wingi zaidi ili seli T zikipita zione kama kuna kirusi humo. Ukiangalia vizuri utaona seli inajiumiza, inagoma kazi zake yenyewe na ikizidi inakufa, na mwili umekubali hasara hiyo.

Na wewe unailipia pia. Ile homa, kutetemeka, mwili kuuma kila kiungo na kutotaka hata kuamka, sehemu kubwa ni interferoni na wenzake, sio kirusi. Ushahidi ni kwamba mtu akichomwa sindano ya interferoni bila kuwa na mafua yoyote anapata dalili zile zile ndani ya saa chache.

Virusi navyo havijakaa tu. Karibu kila kirusi kinachotusumbua kina protini ya kuvuruga mfumo huu, cha mafua kina NS1, cha Ebola kina VP35 inayoficha RNA isionekane na VP24 inayoizuia STAT1 isiingie kwenye kiini, cha homa ya ini C kina mkasi kabisa unaokata waya wa ndani wa kupeleka habari. Kirusi kina jeni chache mno, kikitoa nafasi ya jeni nzima kwa ajili ya kuzima interferoni ujue bila hivyo hakitoboi.

Lakini kitu ambacho mimi naona ndio kiini cha habari nzima, na maelezo mengi yanakiruka, ni wakati. Interferoni ikija mapema na kuondoka mapema ni msaada mkubwa, ikichelewa au ikikaa muda mrefu inageuka mzigo. Korona ilionyesha hili waziwazi. Mwaka 2020 timu ya mtafiti wa kinga Jean-Laurent Casanova ilipima wagonjwa 987 waliokuwa mahututi, 101 kati yao wakakutwa na kingamwili zinazoshambulia interferoni zao wenyewe za aina ya kwanza, yaani mwili unajizimia ujumbe wake, na zaidi ya 9 kati ya kila 10 wa hao walikuwa wanaume. Mtu kama huyo kirusi kinamkuta hana ulinzi wa siku za mwanzo. Sasa ungesema basi tuwape watu interferoni mambo yaishe, na ikajaribiwa, WHO kwenye utafiti wake wa Solidarity waliwapa wagonjwa waliolazwa tayari interferoni beta na vifo havikupungua. Ila utafiti mwingine uliotoka 2023, wa Brazil na Kanada, uliwachoma watu sindano moja tu ya lambda ndani ya siku 7 za kuanza kuumwa, wakiwa bado nyumbani, na waliolazwa au kukaa dharura muda mrefu walikuwa asilimia 2.7 dhidi ya asilimia 5.6 ya wale waliopewa sindano isiyo na dawa ndani kwa ajili ya kulinganisha. Ni aina tofauti za interferoni, sawa, lakini tofauti ya siku imechangia sana.

Ikikaa muda mrefu ndio shida nyingine. Wagonjwa wengi wa lupasi, ugonjwa ambao kinga inaushambulia mwili wenyewe, wana interferoni ya aina ya kwanza iliyopanda muda wote hata kama hakuna kirusi, na tangu 2021 kuna dawa, anifrolumabu, ambayo kazi yake ni kuziba kile kipokezi ili ujumbe usisikike. Kwa hiyo ukiona tangazo la kidonge cha kuongeza kinga jiulize kinga ipi na mpaka lini, maana kuna watu duniani wanalipia dawa ya kuipunguza.

Haya, kansa. Miaka ya 1970 interferoni ilikuwa adimu ajabu, Kari Cantell kule Finland alikuwa anaitoa kwenye chembe nyeupe za damu iliyochangwa na watu, lita na lita za damu unapata kiduchu, na kwa sababu haipatikani watu wakaamini ndio tiba ya kansa zote. Mwaka 1980 timu ya Charles Weissmann ikafanikiwa kuingiza jeni yake kwenye bakteria ikaanza kutengenezwa kwa wingi, na 1986 Marekani ikaidhinisha alfa kwa aina moja adimu ya kansa ya damu. Baadaye ikaingia kwenye melanoma (kansa kali ya ngozi), kansa ya figo, na kansa ya damu sugu ya CML mpaka dawa ya vidonge ya imatinibu ilipokuja 2001 na kuisukuma pembeni. Kwa vivimbe vingi vya kawaida haikufua dafu. Na madhara yake ni makali, homa za kila mara, uchovu, wengine sonona kabisa, ndio maana wagonjwa wa homa ya ini C waliokuwa wanachomwa mpaka wiki 48 hawakuhuzunika zilipokuja dawa za vidonge zinazoponya zaidi ya asilimia 90 kwa wiki 8 hadi 12.

Ila kushindwa kama sindano hakumaanishi interferoni haihusiki na kansa, inahusika sana, tena bila mtu kuchomwa chochote. Seli ya kansa ina DNA iliyoharibika, vipande vinavuja nje ya kiini, na ile cGAS inaviona na kudhani ni kirusi. Interferoni ya aina ya kwanza inatoka, seli za kinga zinakuja kuokota vipande vya uvimbe na kuvipeleka kwa seli T, seli T zinarudi zikiwa zimefundishwa na kuanza kumwaga gama. Mionzi ya matibabu nayo inafanya kazi kidogo kwa njia hii, inavunja DNA na kuzidisha uvujaji. Robert Schreiber na wenzake walionyesha mwaka 1998 kwamba panya wasio na kipokezi cha gama wakiwekewa kemikali ya kuleta kansa wanapata vivimbe vingi na mapema kuliko wenzao.

Gama sasa ina pande mbili. Inailazimisha seli ya kansa ijionyeshe kwa seli T, vizuri, lakini inailazimisha pia itoe PD-L1, protini inayoiambia seli T acha, inatosha. Kwenye mwili wenye afya hiyo ni akili, bila hiyo kila mafua yangeacha mapafu yameharibika. Kwenye uvimbe ni kichaka cha kujificha, kadiri kinga inavyoshambulia ndivyo kansa inavyojifunika. Dawa za kuziba PD-1, kipokezi cha seli T kinachosikia huo ujumbe wa PD-L1, zilizomletea Tasuku Honjo Nobel ya 2018 akiwa pamoja na James Allison, zinaingia hapo hapo, na mara nyingi zinafanya vizuri zaidi kwenye uvimbe ambao tayari una dalili za gama, maana yake seli T zilikuwa zimeshafika zikazuiwa.

Na kansa nyingine zinaenda mbali zaidi, zinakuwa viziwi. Mwaka 2016 wagonjwa wa melanoma waliokuwa wamepata nafuu kwa dawa hizo halafu ugonjwa ukarudi, baadhi walikutwa na seli zilizopoteza JAK1 au JAK2, kwa hiyo gama ipigwe vipi haisikiki. Kwa kinga hiyo ni hasara. Ila seli isiyosikia interferoni haiwezi kujikinga na virusi pia, kirusi dhaifu ambacho seli ya kawaida ingekizima mapema kinazaliana humo mpaka kinaipasua. Kansa nyingi zina udhaifu wa namna hii, na wataalamu wakautumia, wakachukua kirusi cha hepesi ile ya midomoni, wakakitoa jeni zake za ukali, na tangu 2015 kinachomwa moja kwa moja kwenye uvimbe wa melanoma wa wagonjwa wasioweza kufanyiwa upasuaji wa kuuondoa wote. Kwenye vivimbe vilivyochomwa sindano kinafanya kazi nzuri zaidi, vilivyo mbali ndani ya mwili vinapungua kwa wachache.