Msimamizi wako wa PhD si mlezi wako wa kazi

Wiki iliyopita nimelisikia tena lile dai kwamba aliyekusimamia PhD ndiye mlezi wako wa kazi, safari hii kwa mkuu wa idara wa chuo kimoja hapa Dar, mtu msomi na mwenye nia njema kabisa. Tulikuwa tunapanga ulezi wa kitaaluma kwa wahadhiri wapya, yaani mzoefu wa kumwongoza kila mmoja wao kazini. Alipofika kwenye jina la mhadhiri aliyemaliza PhD mwaka jana, akalikata kwa kalamu. "Huyu hana haja. Msimamizi wake si yupo hapahapa idarani? Huyo ndiye mlezi wake." Wenzake mezani wakatikisa vichwa kukubali, tukahamia jina linalofuata.

Nimechoka kulisikia, kwa sababu naona linavyowagharimu watu miaka. Wanaobaki wahadhiri kwa muda mrefu bila kupanda, huku wana akili, wanafanya kazi na wanaandika, wengi wao si wale waliokosa msimamizi mzuri. Ni wale waliokuwa na msimamizi mzuri sana, wakabaki chini yake baada ya kuhitimu, na hakuna aliyewaambia kwamba sasa wanahitaji mtu mwingine.

Kazi ya msimamizi ni tasnifu. Anahakikisha swali la utafiti linajibika, mbinu zinasimama, sura zinaandikika na watahini wanaridhika. Siku unapovaa joho, kazi hiyo imekwisha. Kinachoanza kesho yake ni kingine kabisa: kufundisha madarasa makubwa, kuomba fedha za utafiti kwa jina lako, kusimamia wanafunzi wako, kujenga eneo la utafiti ambalo watu wakilitaja wanakutaja wewe, na kukusanya machapisho ya kukutoa uhadhiri kwenda uhadhiri mwandamizi, kisha uprofesa mshiriki. Hapo ndipo maslahi yako na ya msimamizi wako yanapoanza kuachana, na yanaachana bila mtu yeyote kuwa mbaya.

Nitoe mfano. Mhadhiri mmoja wa sayansi ya jamii aliniletea wasifu wake wa kazi tuupitie kabla hajaomba kupandishwa cheo. Makala zilikuwa za kutosha, na majarida yalikuwa ya heshima. Nikamwomba achukue penseli, apige mstari kwenye kila makala yenye jina la msimamizi wake. Alianza haraka, kisha mkono ukapungua mwendo. Alipofika chini ya ukurasa, kilichobaki bila mstari kilikuwa ikisiri moja ya mkutano. Nikamuuliza, "Watathmini wa nje wakiuliza wewe ni mtaalamu wa nini, utajibu nini?" Akataja mada, na mada yenyewe ilikuwa mradi wa msimamizi wake, neno kwa neno.

Wanaopitia majalada ya vyeo wanalijua jambo hili vizuri. Makala ya waandishi wengi haikupi uzito wa makala yako mwenyewe, na mtathmini wa nje anatafuta sauti yako. Sasa, nani angemwambia huyu dada mapema aandike peke yake? Msimamizi wake? Huyo ana mradi wenye wafadhili, ana data zisizoandikwa bado, na ana mtu hodari anayemwamini wa kuziandika. Akimwambia "tumalizie hii kwanza" hamdanganyi, kwani ni kweli ipo ya kumalizia. Na ikiisha hiyo, ipo nyingine.

Kuna la pili, nalo ndilo linalonikera zaidi kwa sababu halisemwi: fadhila. Mhadhiri wa miaka thelathini na kitu anamwamkia msimamizi wake shikamoo kila asubuhi koridoni, anamwita Prof, na hivyo ndivyo inavyopaswa. Heshima si tatizo, nami sikubaliani hata kidogo na wanaosema tufute heshima ili ulezi ufanye kazi. Mzee anaweza kuwa mlezi bora kuliko wote. Tatizo ni deni. Huyu ndiye aliyekuona darasani ukiwa mwaka wa tatu, akakuhimiza uombe ukufunzi msaidizi, akakuandikia barua ya ufadhili, labda na harusini alikaa meza ya mbele. Mbele ya mtu wa namna hiyo kuna sentensi ambazo Mswahili hatazitamka: "Darasa la wanafunzi mia nne limenishinda." "Sijui bajeti ya andiko la mradi inaandikwaje." "Nadhani nadharia tuliyotumia kwenye tasnifu ina kasoro." "Nimepata nafasi chuo kingine Dodoma, nafikiria kwenda." Utamwambiaje hiyo ya mwisho mtu aliyekupigania upate kiti ulichokalia? Utanyamaza, na ulezi ambao mlelewa ananyamaza haupo.

Weka juu ya hapo madaraka. Idara zetu ni ndogo, na msimamizi wa jana mara nyingi ndiye mkuu wa idara wa leo, au mkuu wa ndaki yenye idara kadhaa. Ndiye anayegawa masomo ya kufundisha. Ndiye anayepitisha tathmini yako kwenye PEPMIS, mfumo wa Serikali wa kupima utendaji wa watumishi. Maoni yake yanaambatana na jalada lako likipanda juu. Hata awe malaika, huwezi kumwonyesha udhaifu wako Jumatatu kisha Alhamisi akupime utendaji, ukategemea nyote wawili mmesahau ya Jumatatu. Kwa hiyo sharti la kwanza ninaloliweka kila ninapoombwa kupanga ulezi ni hili: mlezi asiwe na saini yoyote kwenye jalada la anayelelewa. Wakuu wa idara hulipinga hili kuliko jambo lingine lolote. Wanadhani nawatuhumu, kumbe nawapunguzia mzigo usiobebeka.

Hapa watu huniuliza: haya, basi tutafute profesa mwingine mmoja wa kumlea. Hapana. Hilo la "mmoja" nalo ni sehemu ya kosa. Kathy Kram, mtafiti wa Marekani, alionyesha katika kazi yake ya mwaka 1985 kwamba ulezi kazini unabeba mambo ya aina mbili. Moja ni kukusogeza kwenye kazi: kukufungulia milango, kukuonyesha, kukukinga, kukupa majukumu ya kukukuza. Jingine ni kukushika wewe kama mtu: kukusikiliza, kukutia moyo, kuwa kielelezo kwako. Ni nadra mtu mmoja kuyafanya yote kwa uzuri ule ule. Baadaye Kerry Ann Rockquemore, aliyeanzisha kituo cha kuendeleza wahadhiri hukohuko Marekani, akaligeuza swali lenyewe. Usiulize nani atakuwa mlezi wangu, uliza nahitaji nini, kisha kila hitaji litafutie mtu wake.

Zoezi hilo mimi hulifanya kwa karatasi ya kawaida. Upande wa kushoto mhadhiri anaandika anachohitaji: wa kusoma rasimu bila kumwonea haya, wa kumfundisha kuomba fedha, wa kumweleza siasa za chuo, wa kumsukuma atimize ahadi zake za kuandika, wa kumtaja kwenye vikao asivyokaa yeye, wa kulia naye. Upande wa kulia anaandika majina. Mara kwa mara jina moja linajirudia kutoka juu hadi chini, na kwenye mstari wa kulia naye hakuna jina. Mtu akiiona karatasi yake ilivyo, sina haja ya kuhutubu.

Huyo wa kukutaja kwenye vikao nataka nimseme zaidi, maana watu humchanganya na mlezi. Mlezi huzungumza nawe. Mtetezi huzungumza juu yako wakati haupo: kamati inapotafuta jina la mtafiti mwenza, mfadhili anapouliza nani kijana mzuri wa takwimu, nafasi ya kuhariri toleo la jarida inapotokea. Hapa msimamizi wako wa zamani anafaa sana, maana anaijua kazi yako kuliko mtu yeyote. Mpe kazi hiyo. Mwambie wazi, kwa adabu: "Prof, nikipata nafasi ya kutambulishwa kwa watu wa mradi fulani nitashukuru." Wengi watafurahi kuombwa. Lakini kumwomba akutetee na kumwomba akusikilize ukiyumba ni maombi mawili, na mtu aliyekuona ukiyumba sana huenda akasita kukutaja.

Nina mashaka yangu, na sitayaficha. Lillian Eby na wenzake walipokusanya matokeo ya tafiti nyingi mwaka 2008, walikuta uhusiano kati ya kulelewa na mafanikio upo, lakini kwa ujumla ni mdogo. Tafiti nyingi za eneo hili pia haziwezi kutenganisha vizuri kama ulezi ndio unaowainua watu, au wanaoinuka tangu mwanzo ndio wanaojua kujitafutia walezi. Mimi naamini yote mawili yapo, na siwezi kukuthibitishia kiasi cha kila kimoja.

Shaka la pili ni kuhusu kupanga wawili wawili kwa orodha. Belle Rose Ragins na John Cotton walionyesha mwaka 1999 kwamba waliopata walezi wenyewe, bila kupangiwa, walifaidika zaidi kuliko waliopangiwa. Sasa mbona mimi napanga? Kwa sababu najua ulezi wa kujitafutia unapatikana wapi hapa mjini: kwenye kinywaji baada ya kazi, kwenye safari ya gari moja kwenda Morogoro, kwa watu waliosoma shule moja. Mhadhiri mwanamke anayekimbilia daladala Mawasiliano saa kumi na moja kwa sababu mtoto anamsubiri hayupo kwenye mazungumzo hayo. Akiwepo jioni na profesa mwanamume, maneno yanaanza kesho yake. Kupanga kunatoa matokeo hafifu kidogo, lakini kunamfikia ambaye vinginevyo hafikiwi. Nimechagua hivyo nikijua gharama yake. Na nawaombea wote, wanaume kwa wanawake, kikao cha mchana, ofisini, tarehe ikijulikana idarani.

Mengine nayapitia haraka. Kikao kimoja kwa mwezi kinatosha, ila kiwe na ajenda ya anayelelewa, si hotuba ya mlezi. Usimwandikie mtu "naomba unilee", mwandikie "naomba usome kurasa zangu mbili za utangulizi, nije Jumatano unieleze zinakatikia wapi." Andika kidogo kila siku ya kazi badala ya kungoja likizo, mwanasaikolojia Robert Boice alitumia miaka mingi kuwafuatilia wahadhiri wapya na hilo ndilo aliloliona kwa waliofanikiwa mapema. Majarida ya ulaghai bado yapo, hata kama orodha maarufu ya Jeffrey Beall iliondolewa mtandaoni mwaka 2017, na mlezi wa nje ya mradi wako ndiye atakayekuambia ukweli kuhusu jarida ulilolipia. Na vyuo vihesabu ulezi kama kazi kwenye mzigo wa mhadhiri. Usipohesabiwa, utafanywa na walewale wenye huruma mpaka wachoke.

Wakuu wa idara hunijibu kwamba walezi wenyewe hawapo, na hapa wana haki. Katika miaka ya 1990 Serikali ilibana ajira mpya chini ya masharti ya kurekebisha uchumi, na pengo la miaka ile bado linaonekana: idara ina maprofesa wachache wanaokaribia kustaafu, ina vijana wengi, na katikati kuna watu wa kuhesabu. Serikali iliona uzito wa jambo hili ilipoongeza umri wa kustaafu wa maprofesa na wahadhiri waandamizi wa vyuo vya umma kutoka miaka 60 hadi 65. Kisha ukaja mradi wa HEET wa kuimarisha elimu ya juu, wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, ukalipia pia masomo ya uzamili na uzamivu ya wahadhiri. Nashukuru kwa hilo. Lakini wasomi hao wanarudi na PhD zao katika idara zilezile, na swali la nani atawalea baada ya kurudi halijibiwi na ada ya masomo.

Jibu langu ni waliostaafu. Wapo Makongo, wapo Changanyikeni, wapo Mbezi, wamesoma majalada ya vyeo kwa miongo, na hawana saini tena kwenye jalada la mtu yeyote. Mhadhiri anaweza kuwaambia kwamba anataka kuhama na dunia isitikisike. Wengine mifumo ya sasa ya kuwasilisha makala imewaacha nyuma, ni kweli, lakini hilo kijana wa maktaba analimaliza kwa nusu saa. Wanachokosa ni vitu vidogo, na ndivyo nilivyoandika kwenye pendekezo la idara ile: akaunti ya maktaba isiyofungwa mtu akistaafu, chumba chenye meza na feni siku mbili kwa wiki, nauli, na jina lao liwepo kwa mlinzi getini ili mzee aliyejenga idara asisimamishwe kuulizwa anamfuata nani. Jina lililokatwa kwa kalamu nimelirudisha kwenye orodha, na mbele yake nimeandika profesa mstaafu wa fani jirani. Kikao cha idara ni mwezi ujao.