Kibanda Kidogo Kando ya Mikoko: Pima Siku ya Bamvua

Mwezi huu nimeshinda sana Jomvu, Mombasa, kando ya hori ya Tudor, na kikundi cha kina mama wanaofuga nyuki ndani ya mikoko. Wanataka chumba kimoja cha kuchujia na kufungashia asali, mita 6 kwa 4, pamoja na choo. Kiwanja ni chao na hati wanayo. Mwenyekiti wao, mtu mzima makamo ya mamangu, aliniuliza siku ya kwanza: "Mwanangu, hata kijumba hiki nacho tukiombee ruhusa?"

Ndiyo, mama. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inahesabu kuwa uendelezaji kazi yoyote ya ujenzi inayofanywa juu ya ardhi. Anayejenga bila ruhusa ya kaunti anaweza kutozwa faini hadi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Tena anaweza kuamriwa airudishe ardhi ilivyokuwa ndani ya siku 90. Kwa kikundi kinachoweka akiba kidogo kidogo, hilo la mwisho ndilo linaloumiza: unalipa kujenga, halafu unalipa kubomoa.

Lakini fomu zisubiri. Kabla hujamlipa mtu akuchoree, nenda kiwanjani siku ya bamvua, yaani siku maji ya bahari yanapojaa kupita kawaida. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, bahari hufika mahali isipofika siku nyingine, na hapa Mombasa kilele cha bamvua huja yapata saa kumi, alfajiri na jioni. Bamvua kubwa zaidi ni za mwezi wa Machi na Septemba. Ukienda wakati wa maji mafu, siku bahari inapojaa kidogo tu, utakuta ardhi kavu, ngumu, na utaapa kwamba bahari haijawahi kufika hapo.

Kina mama walikuwa wamechagua mahali kama hapo hasa, na hata kamba walishaifunga. Nilipochutama niliona vipumulio (mizizi ya kupumulia) vya mchu, aina ya mkoko, vyembamba kama penseli, vimechomoza katikati ya majani. Mchu wenyewe ulikuwa umedumaa, haunifiki kiunoni. Mchu ukiota hivyo upande wa nchi kavu, jua maji ya chumvi hupafikia, japo mara chache kwa mwezi. Tukaweka viti tukangoja. Saa kumi ilipopita kidogo maji yalikuja kimya, bila wimbi, yakapanda kupitia mashimo ya kaa kwanza, kisha yakazunguka miguu ya kiti alichokalia mwenyekiti. Hakuna aliyesema neno. Mmoja akaenda akafungua kamba.

Mstari huo wa maji una uzito wa kisheria. Mikoko ya pwani yetu ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu 1932, na leo iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu. Hati yako, hata iwe safi namna gani, haikupi ruhusa ya kukata mkandaa mmoja, nao ni mkoko, ili upate nafasi ya ukuta. Kanuni za upimaji nazo zinataka ukanda wa mita 60 juu ya alama ya maji makuu uachwe pale ardhi ya serikali ya pwani inapopimwa ili igawiwe. Kwa hiyo mwite mpima ardhi atafute bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja, aonyeshe kwenye ramani maji yanaishia wapi, na umbali uandikwe kwa mita. Michoro niliyowahi kuona ikirudishwa, mara nyingi ilikosa mstari huo mmoja.

Sasa choo. Watu hunionyesha rangi ya mabati nami nawauliza choo, kwa sababu kando ya hori choo ndicho kinachoweza kuharibu kila kitu. Tulichimba kishimo cha kina cha mkono wangu, mita 15 kutoka ukingo wa maji, na maji yalipojaa kikaanza kuvuja kutoka chini. Choo cha shimo hapo kingekuwa kinamwagia uchafu wake kwenye mizizi ileile ambayo kamba na samaki wadogo hukulia. Tumeandika tangi lililofungwa, la kunyonywa na gari. Ni ghali zaidi, na sikukubali kulipunguza.

Mengine ni ya kawaida: michoro ya msanifu aliyesajiliwa, nakala ya hati, risiti za kaunti, na muhtasari wa ripoti ya mradi kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, maana kanuni za mwaka 2009 za ardhi oevu na fukwe zinahusika hapa. Sheria inasema usipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, ruhusa inahesabiwa imetolewa. Nakusihi usiitegemee. Kimya cha kaunti hakikupi kibali cha mazingira wala cha misitu, na fundi wako ndiye atakayekutwa na mwiko mkononi. Ukikataliwa, una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya upatanishi ya kaunti, na baada ya hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Kina mama wamekihamishia chumba juu, karibu na mwarobaini, mahali ambapo bamvua haikufika. Kitasimama juu ya nguzo fupi, bila kujaza kifusi. Mwenyekiti aliuangalia mchoro muda mrefu, kisha akaweka kidole kwenye kona ya chini. "Na njia ya wavuvi ya kwenda dikoni, kwenye mashua zao? Mbona hukuichora?" Sikuwa nimeichora. Nimeichora, upana wa mita 2, na ndiyo nakala tuliyoipeleka kaunti.