Nyaraka za draiva ni nini, na zinaandikiwa nani

Washa kompyuta yenye Linux, fungua dirisha la amri, uandike hivi:

cat /sys/class/hwmon/hwmon0/temp1_input

Kwenye mashine ninayoandikia makala haya, jibu lililorudi ni 47250. Basi, hakuna kingine. Hakuna alama ya nyuzijoto wala neno la kukusaidia. Anayeiona namba hiyo kwa mara ya kwanza atadhani kihisi kimeharibika, kumbe kimesema kweli: ni nyuzi 47.25 za Selsiasi. Linux hutoa joto kwa sehemu za elfu za nyuzi moja, kwa hiyo unagawa kwa 1000 ndipo upate unachokielewa. Hilo huwezi kulijua kwa kuitazama chipu, wala kwa kuikodolea macho namba yenyewe. Utalijua kwa sababu kuna mtu alikaa akaliandika. Maandishi ya namna hiyo ndiyo nyaraka za draiva.

Tuanze na draiva yenyewe, ambayo wengine huiita kiendeshi. Kerneli ni kiini cha mfumo endeshi: inagawa kumbukumbu, inaamua programu ipi itumie prosesa sasa na ipi isubiri, na inasimama kati ya programu na maunzi ili programu zisivamie vifaa ovyo. Lakini kerneli haizaliwi ikiijua kila kadi ya mtandao, kila kamera na kila kihisi kinachotoka viwandani. Kwa kila aina ya kifaa inahitaji kipande cha msimbo kinachojua lugha ya kifaa hicho: rejista ipi (kijisanduku cha namba ndani ya kifaa) iandikwe nini, kwa mpangilio upi, na jibu lisomwe vipi. Kipande hicho ndicho draiva. Zaidi ya nusu ya msimbo wote wa Linux ni draiva, kwa hiyo tunapozungumzia nyaraka zake tunazungumzia sehemu kubwa ya kazi, si pambo la pembeni.

Sasa, mtu anaweza kuuliza: kama msimbo upo wazi na kila mtu anaweza kuusoma, nyaraka za nini? Swali hili nililiuliza mwenyewe nikiwa mgeni, na jibu nililipata kwa gharama. Nilikuwa nasafisha draiva ya kihisi kwenye ubao mdogo wa saketi. Ndani yake kulikuwa na mstari unaoamuru kusubiri milisekunde 20 baada ya chipu kupewa umeme, bila neno lolote la maelezo. Nikaona unachelewesha mashine bure, nikaufuta. Mezani kwangu nikawasha upya mara nyingi, kila kitu shwari. Asubuhi yake, ubao ukiwa umelala bila umeme usiku kucha, kihisi hakikujibu. Nikauwasha upya, kikajibu. Siku mbili zilipotea kabla sijaelewa: nilipokuwa nikiwasha upya, umeme wa chipu ulikuwa haukatiki, kwa hiyo chipu ilikuwa tayari muda wote. Ilipotoka kwenye giza la kweli ndipo ilipohitaji zile milisekunde ili iamke. Waraka wa kiwanda ulilisema hilo ukurasa wa katikati, lakini draiva haikulisema.

Msimbo hukuambia draiva inafanya nini. Haukuambii kwa nini inafanya hivyo, inapima kwa kipimo gani, imejaribiwa kwa chipu zipi, na utaumia wapi ukiugusa. Hayo ndiyo ya kuandika. Maelezo yanayosema "hapa tunasubiri milisekunde 20" juu ya mstari unaosubiri milisekunde 20 hayajamsaidia mtu. "Chipu haijibu kabla ya muda huu ikiwa imetoka kukosa umeme kabisa" ingeniokoa mimi.

Mfano mzuri wa waraka wa draiva ni ule wa LM75, kihisi cha joto kidogo cha zamani ambacho nakala zake zimo kwenye mbao nyingi hadi leo. Faili lake linakaa katika folda ya Documentation/hwmon, ndani ya msimbo wenyewe wa kerneli. Linaanza kwa kutaja chipu ambazo draiva inaziweza, na anwani ambako zitapatikana: kwa LM75 ya National Semiconductor ni 0x48 hadi 0x4f (kwa hesabu ya msingi wa 16) kwenye nyaya za I2C, zinazounganisha chipu ndogondogo ndani ya ubao, yaani anwani 8, kwa kuwa chipu ina pini tatu za kuchagulia. Linakuelekeza kwenye waraka wa kiwanda. Linakuambia kihisi kinaaminika kati ya nyuzi -55 na +125, na kwamba kengele ya joto ikishalia haizimi mpaka joto lishuke chini ya kikomo cha pili. Halafu kuna sentensi ninayoipenda kuliko zote: draiva huhifadhi thamani iliyosoma kwa muda, kuanzia milisekunde 125 kwa chipu zenye kasi hadi sekunde nzima kwa zile za polepole, ukisoma mara nyingi zaidi ya hapo hutaharibu kitu, ila utapewa thamani ya zamani.

Tafakari mtu anayeandika programu ya kulinda mashine isiungue. Anasoma joto mara mia kwa sekunde, anaona namba haisogei, anahitimisha joto limetulia. Kumbe anasomewa jibu lilelile. Hitilafu ya hivyo haionekani kwenye msimbo wake, wala si kosa la draiva, wala chipu haina shida. Dawa yake ni sentensi ile tu.

Kuna mpaka mmoja ambao wengi huuchanganya, nao ni kati ya nyaraka za nje na za ndani. Faili kama temp1_input linatazamwa na programu za watumiaji, na jamii ya Linux ina kanuni kali kwamba kilichokwisha kutolewa kwa watumiaji hakivunjwi. Ndiyo maana kuna waraka unaoweka vipimo vya vihisi vyote kwa pamoja: joto kwa sehemu za elfu za nyuzi, umeme kwa milivolti, mkondo kwa miliampea, nguvu kwa mikrowati, feni kwa mizunguko kwa dakika. Mwandishi wa draiva mpya hana ruhusa ya kujichagulia kipimo. Na kuna folda ya Documentation/ABI ambamo kila faili la namna hii huandikwa kwa jina, tarehe, toleo la kerneli na mtu wa kuulizwa, tena likapangwa kulingana na uimara wa ahadi yake: lililo imara, lililo majaribioni, linalostaafishwa, lililoondolewa. Kuandika hapo ni kuweka ahadi.

Za ndani ni habari nyingine. Njia ambazo draiva huzungumza na sehemu nyingine za kerneli hubadilika wakati wowote, na watunzaji wa Linux wamesema wazi kwamba hawatazigandisha. Kwa hiyo maelezo yake hukaa palepale kwenye msimbo, ili anayebadilisha mstari aone na maneno yaliyo juu yake. Mtindo wake huanza na mkwaju na nyota mbili, namna hii:

/**
 * soma_joto - soma joto kutoka kwenye chipu
 * @kifaa: chipu inayosomwa
 * @jibu: pa kuweka joto, kwa sehemu za elfu za nyuzi
 *
 * Context: Inaweza kulala. Usiiite mahali pasiporuhusu kulala.
 * Return: 0 ikifaulu, namba hasi ikishindwa.
 */

Kwenye kerneli halisi maneno haya huwa ya Kiingereza. Kuna folda ya tafsiri yenye Kichina, Kijapani, Kikorea, Kiitaliano na Kihispania, na natamani siku moja tuione na ya Kiswahili. Lakini ebu tazama mstari wa Context, maana ndio unaopuuzwa kuliko yote. "Kulala" kwa lugha ya kerneli ni kusimama na kumpisha mwingine atumie prosesa huku unasubiri jibu. Kusoma chipu kwa I2C huchukua muda, kwa hiyo kazi hii, soma_joto, hulala. Sasa kuna nyakati ambapo kerneli hairuhusiwi kulala hata kidogo, kwa mfano inapoitika mwito wa dharura kutoka kwenye kifaa. Ukiiita kazi hii wakati huo, kerneli huenda ikalalamika kwa maandishi, au mashine ikaganda kabisa. Jina la kazi halikuonyi. Namba inazorudisha hazikuonyi. Ni mstari ule mmoja tu. Kutoka kwenye maelezo hayo, programu iitwayo Sphinx hutengeneza kurasa zinazosomeka. Linux iliihamia mwaka 2016, baada ya miaka mingi ya mfumo mwingine uliokuwa mgumu kuandikia.

Yapo na maandishi madogomadogo: maelezo mafupi ya draiva yanayoonekana unapoandika amri ya modinfo, na yale yanayomsaidia anayejenga kerneli yake kujua kama draiva fulani inamhusu. Nisiyakalie sana.

Lakini lazima nikae kwenye miti ya vifaa. Kifaa ukikichomeka kwenye USB hujitambulisha chenyewe: kiwanda fulani, namba fulani. LM75 kwenye nyaya za I2C haina mdomo huo. Iko pale kimya, na kerneli haina njia ya kuaminika ya kujua ni nani. Kwenye kompyuta ndogo zenye prosesa za ARM, kwa hiyo, mtengenezaji wa ubao huandika faili liitwalo mti wa vifaa, linaloeleza kilichopo: hapa, anwani 0x48, kuna "national,lm75". Maneno gani yanaruhusiwa katika faili hilo, lipi ni la lazima na lipi la hiari, huandikwa kwenye waraka wake rasmi. Zamani waraka huo ulikuwa maneno matupu, kila mwandishi na mtindo wake, na makosa yalipita bila kuonwa. Sasa huandikwa kwa YAML, mtindo wa maandishi yenye mpangilio ambao kompyuta huweza kuusoma, na kompyuta yenyewe hulinganisha faili la ubao na waraka, kisha inasema wapi havilingani. Mimi naona hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika uandishi wa nyaraka za draiva: waraka unaoweza kushindwa mtihani. Ukipeleka draiva yenye jina la kifaa lisiloandikwa popote, programu ya ukaguzi itakuonya kabla hata binadamu hajaifungua.

Haya yote yanadhani kwamba mwandishi anajua chipu inavyofanya kazi. Mara nyingi hajui, kwa kuwa kiwanda hakikutoa waraka au kilitaka kwanza asaini kiapo cha siri. Draiva ya kadi za Wi-Fi za Broadcom iliyoingia Linux mwaka 2006 ilipatikana kwa njia ya subira: kundi moja lilichunguza draiva ya kiwanda na kuandika kwa maneno jinsi chipu inavyofanya kazi, kundi lingine likasoma maneno hayo tu na kuandika draiva mpya bila kugusa msimbo wa kiwanda. Pale waraka ulitangulia draiva, na ndio uliokuwa daraja pekee kati ya makundi mawili. Mwaka uliofuata AMD walianza kutoa nyaraka za chipu zao za picha za Radeon, na waandishi wakapata pa kuanzia pasipo kubahatisha.

Desturi yenyewe ni ya zamani kuliko Linux. Kitabu cha kwanza cha mwongozo wa Unix, mfumo endeshi wa zamani ambao Linux ilifuata mtindo wake, cha Novemba 1971, kilitenga sehemu ya nne kwa ajili ya mafaili ya vifaa, na ukiandika amri ya kufungua mwongozo, man 4, pamoja na jina la ukurasa leo bado unaingia mlango uleule. Jamaa wa BSD, familia ya mifumo endeshi iliyotokana na Unix, wameitunza desturi hiyo vizuri sana. Kwenye FreeBSD, orodha rasmi ya vifaa vinavyokubalika hutolewa moja kwa moja kwenye kurasa za draiva, na OpenBSD huhesabu kosa la waraka kuwa hitilafu kama hitilafu nyingine yoyote.

Nirudi kwenye LM75 kabla sijaweka kalamu chini. Kwa muda mrefu waraka wake ulidai kwamba draiva ile inaiweza na LM77. Haikuwa kweli: chipu hizo mbili huandika thamani zao kwa namna tofauti. Walipogundua, waandishi waliandika mlemle ndani ya waraka kwamba LM77 haikubaliki, kinyume na walivyokuwa wakidai kwa muda mrefu. Anayeihitaji ana draiva yake nyingine. Wangeweza kufuta jina kimyakimya. Lakini mtu mwenye ubao wa zamani wenye LM77, ambaye miaka yote amekuwa akisoma joto lisilo sahihi na kulaumu feni, asingejua kamwe kilichokuwa kinamsumbua.