Je, wajua kwa nini mboga za kipupwe zinafaa shamba la watu wote?

Ukitaka kuanzisha shamba dogo la jamii Arusha au Moshi, ambalo mzee, kijana asiyeona na mama anayetumia kiti mwendo wote watashika udongo, usianze na nyanya. Anza na kabichi, karoti, saladi na chainizi, na upange zikomae wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti. Baridi hupunguza mwendo wa mmea, na mmea unaokwenda taratibu humsubiri mtu.

Lakini baridi hiyo inatoka wapi, nasi tuko karibu na ikweta? Arusha ipo kama nyuzi 3 tu kusini mwa mstari huo, na urefu wa mchana wa Juni na ule wa Desemba hautofautiani hata kwa nusu saa. Kinachotupoza ni mwinuko na upepo. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Miezi hiyo kusi huvuma kutoka Bahari ya Hindi na unyevu wake, hukutana na Meru na Kilimanjaro, hupanda, hupoa na kuwa mawingu yanayoweza kufunika jua kutwa nzima. Usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 12 au 13. Moshi mjini ni chini zaidi, mita mia nane na kitu, kwa hiyo kuna joto. Wa huko huikuta baridi hii wakipanda Kibosho, Machame au Marangu.

Sasa tuingie ndani ya mmea. Mchana hutengeneza sukari kwa mwanga, na usiku hutumia sehemu ya sukari hiyo katika kupumua. Usiku ukiwa wa joto, hutumia nyingi. Ukiwa wa baridi, nyingi hubaki kwenye jani na mzizi. Hii ni sababu mojawapo ya karoti ya Julai kuwa tamu, wakati iliyokulia kwenye joto hubeba uchungu kidogo. Saladi na chainizi nazo zikipata joto kali huharakisha kutoa maua, na majani hugeuka machungu. Kwenye baridi hutulia. Karoti iliyokomaa unaweza kuiacha ardhini wiki kadhaa, ukang'oa ya leo na kuiacha ya kesho.

Kwa kikundi chenye watu wa hali mbalimbali, hapo ndipo penye faida kubwa. Kuna atakayekuwa kliniki Jumatatu, kuna atakayekosa wa kumsindikiza, kuna bibi ambaye magoti yatamkatalia siku ya manyunyu. Nyanya iliyoiva haijui habari hizo. Pia kwenye baridi udongo hukauka polepole, na kumwagilia hupungua. Asiyewahi kubeba ndoo kutoka mfongoni (mfereji wa maji) hadi shambani anaweza kudharau jambo hilo, lakini ndiyo kazi inayowatoa wengi shambani.

Mboga hizi ni fupi na mizizi yake haiendi mbali sana, kwa hiyo zinakubali kupandwa kwenye matuta ya kuinuliwa. Jenga kwa mabanzi, kimo cha sentimita 60 hadi 75, upana usiozidi mita 1.2 ili mtu aliyekaa afike katikati kutoka kila upande. Njia kati ya tuta na tuta iwe angalau sentimita 90, na imwagwe moramu, maana manyunyu ya kipupwe yakilowesha udongo wetu magurudumu hayatoki. Asiye na mbao atumie viroba vilivyojazwa udongo na samadi.

Kwa asiyeona, kamba ya katani yenye fundo kila sentimita 45 inatosha. Anaivuta juu ya tuta, kidole kinafuata hadi fundo, kijiti kinatoboa shimo, mche wa kabichi unaingia, vidole viwili vinakandamiza udongo, kisha mkono unarudi kwenye kamba kutafuta fundo linalofuata. Mistari inanyooka kabisa.

Siku ya kupiga dawa wekeni bendera nyekundu mlangoni, kwa sababu kiziwi hatasikia mkipaza sauti. Na mwenye ualbino asidanganywe na mawingu: miale ya jua hupenya wingu jepesi, na mwinuko huizidishia ukali. Kofia pana, mikono mirefu na losheni ya kinga bado vinahitajika. Losheni ya Kilisun, inayotengenezwa kwa ajili yao, ilianzia hapo hapo Moshi, katika hospitali ya KCMC.

Jambo moja huwashangaza wengi: kabichi ni mmea wa miaka miwili, nayo huhitaji baridi ya muda mrefu, kali kuliko ya Arusha mjini, ndipo ichanue. Kwa hiyo mbegu yake itabidi mnunue. Loshuu, mboga ya majani ya jamii ya haradali, kinyume chake hutoa mbegu hapa hapa. Acheni mashina machache yakomae mpate akiba ya mwaka kesho.

Mtaji? Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Muulizeni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kuhusu soko, lile la Tengeru, nje kidogo ya Arusha, hujaa Jumatano na Jumamosi.

Kalenda ndiyo inayowaangusha wengi. Mche hukaa kitaluni kama wiki 4, na kabichi nyingi hutaka miezi mitatu hivi baada ya kuhamishwa. Anayesubiri ahisi baridi ndipo asie mbegu atavuna Oktoba, joto likiwa limesharudi. Kitalu kisichelewe kupita Aprili, mvua za masika zikiwa bado zinanyesha, na kiezekwe ili matone makubwa yasiiangushe miche.